Ringi Kumi za Mzee Milimita

Habari ililetwa na Karati. Hakusalimia wala hakukaa, aliitupa tu pale katikati ya benchi mbili kama mtu anayemwaga maji ya kunawa.

"Mmesikia? Juzi kwenye kizuizi cha barabarani wamekamata mzigo umetoka hapahapa Maganzo. Umejaa almasi!"

Mama Ritha aliganda na birika mkononi. Yeye ndiye mwenye kijiwe: birika la kahawa, jiko la mkaa, sinia la kashata, na mwavuli uliopauka kiasi kwamba hakuna anayekumbuka ulikuwa unatangaza nini. Yote hayo yalikuwa kando ya lami, mahali ambapo mabasi ya Shinyanga na Mwanza huwapulizia wateja vumbi bila ubaguzi.

"Nani kakwambia almasi?" aliuliza Marselino. Huyu wanamwita Katekista, na si utani, ni katekista kweli wa kigango. "Wiki iliyopita ulituambia simba kaonekana Mwadui. Akawa mbwa wa mlinzi."

"Simba yule ni habari nyingine. Hii kanipa dereva wa basi mwenyewe, aliyebeba mzigo."

"Na dereva kaziona hizo almasi?"

"Hajaziona! Ndiyo maana najua zipo. Ukiona almasi inaonekanaonekana, ujue hiyo ni chupa."

Karati, aliyebandikwa jina la kipimo cha almasi, ni Ngassa kwa jina halisi, dalali wa mawe. Miaka kumi na minne amekuwa akisubiri jiwe moja la kumtoa, na hutembea na lenzi mfuko wa shati kama daktari na kipimo chake. Watu husema Karati hata akipewa wali huutazama kwanza kwenye mwanga.

"Mzigo wenyewe ulikuwaje?" aliuliza Mama Ritha.

"Boksi la viatu. Limefungwa kamba ya katani, mafundo matatu, umbali kati ya fundo na fundo sawasawa, utadhani mtu kapima kwa rula."

Mwishoni mwa benchi ya pili, Mzee Theonest alishusha kikombe chake taratibu. Ni kweli yale mafundo aliyapima kwa rula.

Theonest alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kijiwe kizima kilimwita Milimita. Jina lilianza siku alipomwambia Mama Ritha kwamba meza yake ina mguu mmoja mfupi kwa milimita tatu. Walicheka sana, kisha wakapima, na tangu hapo hawakumcheka tena kuhusu meza. Alikuwa mkereza vyuma, fundi wa kuvichonga vikizunguka kwenye mashine. Alikereza mgodini miaka ishirini na sita, na mgodi ulipopunguza watu alirudi na mkono wa kwaheri na mashine moja kuukuu ya kukerezea, ambayo sasa ilikuwa kwenye kibanda cha mabati hatua thelathini nyuma ya kijiwe.

"Ndani ya boksi," Karati aliendelea, sasa akinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, "kuna vidude kumi vya duara. Vinang'aa! Kila kimoja kina matundu kumi. Fanyeni hesabu. Kumi mara kumi?"

"Mia," alisema Katekista.

"Mia moja! Kila tundu jiwe moja. Jamani, huyo mtu si mwizi, huyo ni profesa."

"Hizo ni ringi," alisema Theonest.

Wote wakamgeukia.

"Ringi za nini, mzee?"

"Za gari."

"Gari gani linavaa ringi ya ukubwa wa kifuniko cha soda?"

"Inazidi kifuniko cha soda. Ni milimita arobaini na moja. Za gari dogo."

"Bajaji?"

"Dogo kuliko bajaji."

"Hakuna gari dogo kuliko bajaji, mzee wangu. Baada ya bajaji ni toroli."

"Karati, nakwambia ni ringi. Mzigo ni wangu."

Pikipiki mbili zilipita. Karati aliinuka benchi ya mbele, akaja kukaa ubavuni kwa Theonest, karibu kabisa, akamwekea mkono begani. Kwa miaka yote waliyojuana, Karati hakuwahi kumwamkia mzee huyu kwa heshima kiasi hicho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Toa mkono."

"Mzee wangu, mimi ni mwanao. Sikuulizi umezipata wapi. Nakuuliza tu, zilizobaki ziko wapi?"

"Zilizobaki nini?"

"Anatuficha," Karati aliwaambia wengine kwa huzuni. "Watu wakipata, ndivyo wanavyokuwa."

"Baba Dorika," Mama Ritha alimwambia Theonest, akimjazia kikombe bila kuombwa, jambo ambalo pia halikuwa la kawaida, "hebu sema pole pole tukuelewe. Gari gani hilo?"

Basi Theonest akaeleza. Kule Buseresere kuna mtu anaitwa Eustace, dereva wa malori. Miaka thelathini na moja kaendesha, na kumi na miwili ya mwisho yote alikuwa kwenye tipa la tairi kumi, akisomba mawe migodini. Siku Theonest alipopunguzwa kazi na kuuziwa ile mashine kama chuma chakavu, hakuwa na njia ya kuihamisha. Eustace alikuwa akirudi mtupu. Alisimamisha tipa, akatafuta watu wa kuipakia, akaileta hadi Maganzo, na alipoulizwa ujira akajibu kwamba gari lilikuwa linakuja huku hata hivyo. Halikuwa linakuja huku.

Mwaka juzi Eustace alipata kiharusi. Upande wote wa kushoto ukalala. Akawekwa kwenye kiti uani, na akawa anakaa ametazama ukuta. Mpwa wake, Loveness, akamwagizia tipa la kuchezea, lile la kuunga mwenyewe, linalokwenda kwa rimoti. Si lile la plastiki la sokoni. Hili lina giya, lina taa, na kila kitu chake ni lori halisi lililopunguzwa mara kumi na nne. Eustace aliliunga kwa mkono mmoja, miezi mitano. Siku ya kwanza alipolipakia kokoto, ringi za plastiki zikapasuka zote za nyuma.

"Akanipigia," alisema Theonest. "Kuongea kwake sasa ni kwa shida. Akasema, nikereze za chuma. Ziwe kama zangu."

"Kama zake zipi?"

"Za tipa lake. Stadi kumi, zile bolti za kufungia, kila ringi. Za mbele zimetokeza nje, za nyuma zimeingia ndani. Nimetumia pistoni za zamani, nimekereza moja moja kwa mkono. Wiki saba."

"Wiki saba!" Katekista alishika kichwa. "Theonest, hiyo ni Kwaresima nzima na Pasaka yake. Kwaresima nzima unachonga magurudumu ya mdoli?"

"Si mdoli."

"Sasa mtu mzima," Karati aliingilia, "dereva wa tairi kumi, anakaa uani anachezea kigari. Na mtu mzima mwingine anamchongea ringi za kigari. Na mnataka serikali iamini. Mzee, hata mimi mwanao siamini!"

"Hachezei," alisema Theonest. "Anaendesha."

Hakukasirika, ila sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka. Alikuwa akiwaza Jumamosi. Jumamosi hiyo madereva wenzake Eustace wa zamani, sita au saba waliobaki, wangekwenda kumsalimia, na Loveness alimwambia Theonest kwamba mjomba amenyolewa ndevu tayari tangu Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi. Na ringi zilikuwa zimekamatwa.

"Mimi nitakwambia tatizo lako," Karati alisema, akichukua kashata. "Kitu cha thamani hakichongwi, kinachimbwa. Umewahi kusikia mtu Maganzo kachonga akatoka? Watu wanachimba! Unachimba leo hupati, kesho hupati, keshokutwa..."

"Keshokutwa hupati," alimalizia Mama Ritha.

"Lakini siku ukipata!"

"Miaka kumi na minne, Karati."

"Mama Ritha, usihesabu miaka. Jiwe halina kalenda."

Wakati huo ndipo pikipiki iliposimama. Alishuka mtu mwenye koti la mvua, ingawa mvua haikuonekana tangu mwezi wa nne, na nyuma ya pikipiki kulikuwa na boksi la viatu lenye kamba ya katani. Kamba ilikuwa imefungwa upya, vibaya. Theonest aliona hilo kabla hajauona uso wa mtu.

"Habari za hapa. Naitwa Adam, natoka ofisi ya ukaguzi." Aliitaja ofisi yake kwa jina kamili, lakini lilikuwa jina refu, na lori lilipita katikati yake. "Namtafuta Theonest."

Kijiwe kilibadilika ghafla. Katekista, ambaye hasemi uongo, alianza kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. Karati aliinama kufunga kamba za viatu vyake vya kutumbukiza.

"Theonest yupi?" alisema Mama Ritha. "Maana hapa wako wengi."

"Ni mimi," alisema Theonest.

"Shikamoo, mzee. Tangu juzi nakupigia, hupatikani."

"Marahaba. Umeme umekatika siku ya tatu. Simu imezima."

Adam alionekana mtu mstaarabu aliyetumwa jambo lisilo la kistaarabu. Aliweka boksi mezani. "Mzee, kosa hatujaliona. Ila kiongozi wangu kazipitisha kwenye mashine yetu, mashine ikasema ni chuma. Akasema, kitu kinang'aa hivi, kimefungwa vizuri hivi, kinatoka Maganzo, hakiwezi kuwa chuma tu."

"Mashine si imesema ni chuma?" aliuliza Mama Ritha.

"Imesema. Ndiyo maana kiongozi akaitilia shaka mashine. Ameagiza moja ikatwe katikati, mbele ya mwenye mzigo na mashahidi wawili."

Karati na Katekista walisimama kwa pamoja. Karati alisimama haraka kidogo.

"Mashahidi tupo."

"Mnamfahamu mzee?"

"Huyu?" alisema Karati. "Huyu ni baba yangu mzazi."

Boksi likafunguliwa. Ringi kumi zilikuwa zimelala kwenye pamba, na jua la saa nne lilipozigusa, Mama Ritha alimwita mama yake kwa Kisukuma: "Mayo wane!" Hakuna aliyekuwa amewahi kuziona. Miaka yote walimwona mzee akitoka kibandani na vumbi la chuma kwenye nyusi, wakamcheka, hawakuuliza. Sasa waliona matundu kumi ya stadi kila ringi, kila moja dogo kuliko punje ya mtama, na ukingo ambao ungekatia uzi. Katekista alichukua moja akaiweka kiganjani, akaishika kama anavyoshika kitu altareni.

Karati alikuwa ametoa lenzi. Alizichukua moja moja, akazitazama mbele, akazitazama nyuma, akazitikisa sikioni.

"Hii," alisema hatimaye. "Hii ina uzito wa siri."

"Hiyo ni ya mbele," alisema Theonest haraka. "Nakuomba. Za mbele ziko mbili tu, na ndizo zilizonitesa. Kateni ya nyuma."

"Umeona?" Karati alimgeukia Adam. "Kashtuka!"

Adam alikuna shingo. Agizo lilisema moja ikatwe, halikusema ipi, na shahidi alikuwa amechagua. Akatoa kwenye begi lake msumeno wa kukatia chuma. Ulikuwa na kutu, na katikati ya meno kulikuwa na pengo la vidole viwili.

Theonest aliutazama ule msumeno.

"Bwana Adam, utakata kwa hicho?"

"Ndio uliopo ofisini, mzee."

"Utaipasua kama muhogo. Nipe nikate mwenyewe."

"Baba Dorika, waache wakate wao," alisema Mama Ritha. "Wewe utaumia."

"Nitaumia zaidi wakikata kombo."

Wakamfuata wote kibandani. Theonest alifungua jiriwa, akakunja kipande cha kitambaa, akaizungushia ringi kitambaa hicho kabla ya kuibana.

"Kitambaa cha nini?" aliuliza Katekista.

"Isichubuke."

"Theonest, unaikata vipande viwili na bado unaogopa isichubuke?"

Theonest alichora mstari kwa sindano, akaupima, akaufuta, akachora tena. Kisha akachukua msumeno wake mwenyewe na kuanza, pole pole, bila kukaza mkono. Wote waliinama kuufuata msumeno. Hata Karati alisahau kupumua, ingawa kwa sababu zake. Ringi iliachana kwa sauti ndogo, kama mtu anapovunja njiti ya kibiriti, na nusu mbili zikalala mezani.

Karati alizirukia kama kunguru. Lenzi jichoni, nusu ya kwanza. Lenzi jichoni, nusu ya pili. Alizigeuza, akazikwaruza kwa ukucha, akazinusa. Kisha akashusha lenzi na kusema kwa sauti ile wanayotumia madaktari wakitoka nje kwa ndugu wa mgonjwa.

"Chuma."

"Chuma tu?"

"Mpaka ndani."

Adam alichukua kipimo cha venia, cha kupimia hata sehemu za milimita, kilichokuwa mezani, akapima nusu moja, akapima ya pili, akarudia. "Mzee, umekata kwa jicho na mkono, na zimelingana?"

"Ya kulia imezidi kidogo," alisema Theonest. "Msumeno uliyumba mwishoni."

Adam aliandika fomu, akagonga muhuri, mashahidi wakasaini. Alionekana ana jambo la kusema, na akalisema kwa uso wa mtu anayesoma ubao wa kupimia macho: "Ofisi inasikitika kwa usumbufu."

"Ofisi italeta nyingine?" aliuliza Mama Ritha.

"Ofisi haina ringi, mama. Ina fomu."

Alipoondoka, Theonest alikaa kwenye kigoda chake na kutazama boksi. Zilibaki tisa. Ringi ya mbele ilimchukua siku nne, tatu kati yake za kutafuta vipimo tu, na basi lilikuwa linaondoka kesho saa mbili asubuhi. Umeme haukuwepo. Alifikiri kumpigia Loveness, akakumbuka simu imezima. Akafikiri juu ya zile ndevu zilizonyolewa.

"Mzee, usijali," alisema Karati kwa upole wa kweli, maana aliyepoteza alijiona ni yeye. "Mwambie aendeshe na tisa. Hapo barabarani malori mangapi yanapita na tairi tisa? Hata nane!"

"Eustace hajawahi kuendesha na tisa," alisema Theonest, na akainuka.

Ile mashine ya kukerezea alikuwa ameifungia mnyororo wa baiskeli, na nyuma yake kulikuwa na baiskeli yenyewe isiyo na tairi, imeinuliwa juu ya vyuma. Umeme ukikatika, mtu akipanda akanyonga pedali, mashine inazunguka. Tatizo ni kwamba mwenye kunyonga hawezi kukereza, na mwenye kukereza hawezi kunyonga. Kwa kazi ndogondogo mke wake humsaidia, lakini wiki hiyo alikuwa Ushirombo kwa mazishi.

"Nitanyonga mimi," alisema Katekista, akikunja kanzu. "Nilisaini kukatwa kwake. Nitasaini na hii."

Theonest alichagua pistoni kutoka kwenye kikapu, kubwa na nyeusi.

"Hiyo imetoka wapi?" Karati aliuliza, akiwa tayari mlangoni.

"Kwenye gari la mgodi."

Karati akarudi ndani.

"La mgodi! Gari lililokuwa linaingia shimoni kabisa?"

"Kila siku."

"Mimi nitabaki nisaidie," alisema Karati. "Wazee wangu hamuwezi kufanya kazi peke yenu, haifai."

Akatafuta mfuko mtupu wa saruji, akaukung'uta, akauweka chini ya mashine ili kila ganda la chuma lililojikunja kama ganda la kiazi liangukie humo. Aliuchunga mfuko ule kama kuku na vifaranga. Walimwacha. Mtu akishasaidia, usimuulize moyo wake uko wapi.

Katekista alinyonga mpaka adhuhuri kwa mwendo wa rozari. Alipofika fumbo la tatu miguu ilimkataa, na Karati akapanda na vile viatu vyake vya kutumbukiza.

"Pole pole," alisema Theonest. "Sasa kaza. Kaza! Usikaze hivyo, unataka kuipeleka Mwanza?"

"Mzee, amua! Pole pole au kaza?"

"Kaza pole pole."

"Mayo wane, huyu mzee."

Saa nane alikuja Mama Ritha na kahawa, akaona wanavyohangaika, akafunga khanga vizuri na kupanda mwenyewe. Ndipo ikajulikana kwamba anayejua kunyonga ni yeye. Hakuharakisha wala hakulegea. Chuma kilianza kutoka kwenye ncha ya kisu kwa uzi mmoja mrefu usiokatika, na Theonest, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alitabasamu.

"Kumbe ulijifunza wapi?"

"Nimebeba mtama kwa baiskeli toka Kishapu nikiwa na mimba ya Ritha. Hii haina hata mlima."

Saa kumi ringi ilikuwa imekaa umbo lake. Yalibaki matundu kumi ya stadi. Theonest aliyapangia alama kwa sindano, akabana keekee ya mkono ya kutobolea, akafunga jicho moja. Alikuwa amechoka. Macho yake hayakuwa yale ya mgodini.

"Mzee, subiri," alisema Karati.

Alikuwa ameinama juu ya meza, lenzi jichoni, pua karibu iguse chuma. "Alama ya saba. Imekaa kando."

"Haijakaa kando."

"Imekaa kando nakwambia. Tazama ya sita, tazama ya nane. Ya saba inamkimbilia mwenzake."

Theonest alipima. Alipima tena.

"Nusu milimita," alisema.

"Nimekwambia!"

"Ningetoboa, ningeiua yote." Alimtazama Karati kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza, mtu mwenye jicho la namna hiyo, aliyelitumia miaka kumi na minne kutazama vipande vya chupa. "Ngassa, njoo ukae hapa. Kila alama uitazame wewe kwanza."

Karati hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomwita Ngassa. Akakaa. Alama ya nane akasema sawa, ya tisa akasema irudi kidogo kushoto, ya kumi akaitazama sana mpaka Katekista akauliza kama amelala. Jua lilikuwa bado juu ya paa la stoo ya pamba wakati ringi ya kumi ilipoingia kwenye pamba yake, pembeni ya wenzake tisa. Karati ndiye aliyefunga kamba. Theonest aliyapima mafundo, akafungua moja, akalifunga upya.

Jumamosi asubuhi umeme ulikuwa umerudi, na kijiwe kizima kilijibana nyuma ya simu ya Mama Ritha. Mzigo ulikuwa umefika salama. Loveness alikuwa amepiga kwa video, na simu yake ilikuwa inatetemeka kwa sababu alikuwa anacheka.

Waliona ua lililofagiwa. Waliona wazee saba kwenye viti vya plastiki, mmoja wao na kofia ya dereva. Katikati, kwenye kiti chake, alikuwa Eustace, kidevu kinang'aa, rimoti mapajani, mkono wa kulia juu yake. Na mbele ya miguu yake, tipa la njano lenye urefu wa mkono, limejaa mchanga mpaka linamwagika.

Liliwasha taa. Likaanza kutembea, zito, bila haraka, kama tipa halisi linapotoka shimoni. Kulikuwa na kichuguu cha udongo, wazee wakaanza kupiga kelele: "Tia ya pili, Eustace! Ya pili!" Lori likapanda. Katikati ya kilima likasita, na kule Maganzo wote wakainamia simu. Kisha ringi za nyuma zikauma udongo, jua likazipiga, na lori likapanda mpaka juu.

Wazee walisimama. Yule wa kofia alikuwa anafuta macho kwa kofia yenyewe. Eustace aligeuza uso kwa shida kuelekea kwenye simu, mdomo ukavutwa upande mmoja.

"Theo... nest."

"Naam, ndugu yangu."

"Ina... vuta."

Theonest aliitikia kwa kichwa tu, mara nyingi, kana kwamba Eustace angeweza kuhesabu. Katekista alimshika bega. Mama Ritha aligeuka kuchochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa. Ni Karati peke yake aliyezidi kuisogelea simu, macho yamekaza, uso umejaa jambo zito, na Theonest akafikiri: hata huyu leo limemgusa.

"Loveness, dada yangu," alisema Karati kwa sauti ya chini. "Huo mchanga mmeuchota wapi?"

"Upi? Huu wa garini? Hapa nyuma ya choo."

"Mbona una wekundu wekundu?"

"Karati!" alisema Katekista.

"Naulizia tu! Huko si ndiko kwenye mkanda wa dhahabu? Mama Ritha, hebu kuza picha. Kuna kitu kimemeta. Loveness, mwambie mzee asiguse chochote. Mwambie abaki hapohapo juu, mimi napanda basi sasa hivi."

Lakini Eustace alikuwa na wageni, na mambo ya Maganzo hayakumfikia. Kidole chake kilibonyeza. Bodi la tipa likainuka taratibu, taratibu, kama linavyostahili kuinuka, na mchanga wote ukamwagika kutoka juu ya kilima, upepo ukaupeperusha uani, wazee saba wakapiga makofi na mmoja akapiga vigelegele kama mwanamke.

Maganzo nako walipiga makofi. Kasoro mtu mmoja, aliyekuwa amekaa chini kwenye vumbi la barabara kuu, mikono kichwani, akilia msiba ambao nchi nzima hakuna aliyeuelewa.